Wembe wa Ijumaa

Ijumaa ya kwanza baada ya Zaidi kurudi kutoka Japani, mkewe Mwanasiti alitandika mkeka chumbani, akaweka juu yake bakuli la maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni, kitambaa, na wembe mpya uliokuwa bado kwenye karatasi yake. Watoto walikuwa shule. Akarudisha dirisha, akaketi kumsubiri.

Hakukuwa na la kuelezana. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yao, kila Ijumaa ya pili au ya tatu, kabla Zaidi hajaenda kuoga kwa ajili ya sala, Mwanasiti alikuwa akimnyoa makwapa na kinena. Ndivyo alivyofundwa alipokuwa mwari, na ndivyo wanavyofundwa wanawake wa upande ule, kuanzia Kibiti mpaka vijiji vya ndani kabisa vya delta alikozaliwa yeye: siku arobaini zisipite, na mwenye kushika wembe ni mke. Mwanamume mwenye mke akijinyoa mwenyewe ni sawa na akijipikia. Watu watataka kujua kuna nini.

Zaidi aliingia, akauona mkeka, akauona wembe, akabaki amesimama pale mlangoni.

"Leo acha, Mama Shamsia," alisema. "Nitanyoa mwenyewe."

Mwanasiti alicheka kidogo, akidhani ni haya za mtu aliyekaa mbali na mkewe miezi tisa. Haya huja na huondoka. Akamkabidhi wembe, na Zaidi akaenda nao bafuni, bafu lao la makuti nyuma ya nyumba. Jioni, alipokuwa akifagia huko, Mwanasiti aliukuta wembe umechomekwa kwenye fito za ukuta. Karatasi yake haikuwa imechanika.

Hapo ndipo shaka ilipomwingia, na shaka ikishaingia kwa mtu kama Mwanasiti haitoki kwa kuombwa. Alikuwa mwanamke wa kushona mikeka ya ukindu, kazi inayotaka jicho. Ukili mmoja ukipinda, yeye huuona kabla mkono haujaugusa. Sasa jicho hilo alilihamishia kwa mumewe.

Zaidi alikuwa bwana shamba. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wakulima wa mpunga wa bondeni na wa delta, kuwafundisha nafasi ya kupandia na namna ya kupambana na viwavi, mambo ambayo wengi wao waliyajua kuliko yeye, lakini walimsikiliza kwa adabu. Serikali ilimpeleka Japani kwa kozi ya mashine za kupandia mpunga na pampu za maji. Ilikuwa mwaka tisini na nne, miaka ile ya ruksa, ambapo kila kitu kiliruhusiwa isipokuwa mshahara kutosha. Maduka ya Kibiti yalijaa mitumba na redio kutoka Dubai, na huko maofisini watu walikuwa wakipunguzwa kazi kama pumba zinazopeperushwa. Katika hali hiyo mtu akipelekwa ng'ambo, mtaa mzima humwona amebarikiwa. Zaidi alirudi na redio kaseti, saa ya ukutani na koti zito ambalo Kibiti halina kazi; barua nne alizokuwa amewaandikia watoto zilikuwa zimetangulia. Barua hizo zilieleza baridi, mpunga na mashine. Kingine hazikueleza.

Ijumaa ya pili Mwanasiti hakutandika mkeka. Alingoja aone kama mumewe ataukumbuka mwenyewe. Zaidi alioga, akavaa kanzu, akajipaka mafuta ya mawaridi, akaenda msikitini. Na kwa kuwa mke na mume hawafichani kwa muda mrefu katika nyumba ya vyumba viwili, Mwanasiti alikwishajua: mumewe alikuwa na nywele za kinena ambazo hajapata kumwona nazo tangu aolewe. Hazikuwa za wiki mbili. Kwa kukadiria kwake zilikuwa za miezi mitatu, labda minne.

Zaidi alikuwa amebadilika hata katika kuoga. Zamani alikuwa akisimama bafuni na ndoo moja, akijimwagia upesi upesi, na kabla uji haujapoa ametoka. Sasa aliingia na kigoda, akaketi, akajisugua kuanzia kisigino hadi nyuma ya masikio, akajisuuza, akaanza upya. Ndoo tatu. Akataka maji yawe ya moto, na huku ni Kibiti, masika, jasho linatiririka.

"Mtu akijisugua hivyo ana kitu anakitoa," Mwanasiti alijisemea, akichochea kuni chini ya sufuria ya maji. Roho ilimuuma, tena ilimuuma vibaya, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumgombeza. Mwenye kosa, kama yupo, alikuwa ng'ambo ya bahari.

Halafu akaipata picha. Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa lile koti zito, alipolitoa kulianika lisiote ukungu. Watu watatu wamesimama mbele ya nyumba yenye mapazia mawili mafupi mlangoni, moja la buluu na moja jekundu. Kati yao ni Zaidi. Kushoto kwake mwanamume wa makamo, mnene, anacheka. Kulia kwake mwanamke. Wote watatu wamevaa makoti, kila mmoja ana taulo shingoni na amekumbatia beseni dogo. Na wote watatu nywele zimelowa.

Mwanasiti aliketi pale pale uani, picha mkononi. Mtu wa mahali pengine angeona watu watatu na mabeseni. Lakini mwanamke aliyekulia katika nyumba ya Kiislamu ya pwani anajua nywele zilizolowa zina maana gani. Mke akitoka asubuhi na nywele zimelowa, majirani hutazama pembeni na kutabasamu, kwa sababu josho la janaba, la baada ya kulala na mume, halina siri. Ameoga, basi kulikuwa na sababu ya kuoga. Na hapa mumewe yuko mlango mmoja na mwanamke mwingine, maji yanawadondoka wote wawili.

Aliifunga picha kwenye pindo la kanga, akaenda kwa Bi Semeni.

Bi Semeni ndiye aliyemfunda. Alikuwa mwenyeji wa Mbwara aliyehamia Kibiti zamani, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, na hapakuwa na ndoa katika mtaa ule ambayo hakuwa na mkono wake ndani. Mwanasiti alimkuta anachambua mchele barazani.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwari wangu. Mbona umekuja na uso wa msibani? Kuna aliyekufa nami sijaambiwa?"

Mwanasiti aliketi, akamweleza habari ya wembe, kwa sauti ya chini. Bi Semeni aliweka ungo kando.

"Kanyolewa na mwingine," alisema.

"Hajanyolewa kabisa, somo. Ana miezi."

"Hilo sijapata kulisikia," Bi Semeni alikiri. "Mwanamume mwenye mwanamke nje hurudi kwako kanyolewa vizuri kuliko ulivyomwacha, na hapo tunajua pa kuanzia. Huyu wako ni mwingine. Anasali?"

"Anasali."

"Mbele za watu, au na peke yake?"

"Kote, somo. Juzi kaamka na Alfajiri hata mimi sijaamka."

"Basi dini hajabadili. Au kabadili nusu."

Ndipo Mwanasiti alipofungua pindo la kanga. Bi Semeni aliishika picha mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali tena. Aliitazama kwa muda mrefu, akahesabu watu kwa kidole ingawa walikuwa watatu tu.

"Hawa wameoga," alisema.

"Naona."

"Wameoga wakati mmoja, tena nyumba moja. Na huyu mnene anayecheka ni nani? Mwenye nyumba? Kuna nyumba za namna hiyo, mwanangu, hata Dar es Salaam ziko." Akamrudishia picha kwa ncha za vidole. "Usilie, usipige kelele, wala usimuulize chakula kikiwa mbele yake, maana mtu mwenye tonge mdomoni anapata muda wa kutunga. Muulize mchana, watoto hawapo, na umwekee hii mkononi."

Mwanasiti alifanya kama alivyoagizwa. Jumatatu, Zaidi aliporudi kutoka ofisini saa saba, hakukuta chakula mezani. Alikuta mkewe ameketi kitandani, na picha juu ya mto.

"Huyu nani?" Mwanasiti aliuliza.

Zaidi aliitazama picha, na badala ya kushtuka akatabasamu, jambo lililomchoma Mwanasiti kuliko kushtuka. "Huyo Bwana Morita, mwenye karakana ya mashine niliyofanyia mazoezi miezi mitatu ya mwisho. Na huyo mkewe."

"Na nywele?"

"Nywele zipi?"

"Zako na zake."

Zaidi alifikiri kidogo, kisha akaelewa, na safari hii tabasamu lilimtoka usoni. Alivuta kiti akaketi. Alivua saa yake ya mkononi akaivaa tena. Ilionekana wazi kwamba alikuwa na habari ambayo angependa imezwe na bahari kuliko kuisimulia.

Miezi sita ya mwanzo, alisema, walikaa kwenye bweni, kila mtu na bafu lake, na hakukuwa na taabu yoyote. Alijinyoa mwenyewe, siku arobaini hazikupita. Lakini kwenye karakana alipewa chumba cha juu, kizuri, chenye kila kitu isipokuwa bafu. Alipouliza, Bwana Morita alimpa beseni na taulo dogo, upana wake kama kitambaa cha kufutia jasho, akamwongoza mtaa wa pili kwenye nyumba ya kuogea ya watu wote. Pazia la buluu wanaume, pazia jekundu wanawake. Wanaachana mlangoni, wanakutana mlangoni.

"Watu wote wanaoga pamoja?" Mwanasiti aliuliza.

"Wanaume kwa wanaume."

"Hata sisi delta wanaume wanaoga mtoni pamoja. Kila mtu na msuli wake."

"Hapo ndipo penye kazi," alisema Zaidi. "Msuli hauingii."

Alieleza yote, akiangalia sakafu. Kwamba alijifunga msuli imara akaenda mpaka kwenye birika kubwa la maji ya moto linaloweza kuingia watu ishirini, akatia mguu, na mzee mmoja akamkimbilia huku akipunga mikono kama anayefukuza kuku shambani. Nguo haiingii majini, ni uchafu. Tena hata mwili hauingii kabla haujasuguliwa; kwanza unakaa kwenye kigoda kando, unajisugua kwa sabuni mpaka unang'aa, unajisuuza, ndipo unaingia birikani kutulia tu. Watu wamekaa humo uchi, taulo limewekwa utosini, wanazungumza habari za mvua. Meneja wa benki, muuza samaki, baba na mwanawe. Kwao mwili ni mwili tu, hawautazami wala hawaufichi.

"Ukavua?" Mwanasiti aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku tatu nilijifuta kwa taulo chumbani. Siku ya nne nilinuka mafuta ya mashine mpaka mwenyewe nikajichukia. Nikaenda. Nikavua. Nikamwomba Mungu msamaha, nikavua."

Mwanasiti alifunika mdomo kwa kanga.

"Nilidhani watanitazama rangi. Rangi waliimaliza siku ya kwanza. Wakaanza kutazama kule." Zaidi alikohoa. "Wao hawanyoi, Mama Shamsia. Wasafi kuliko mtu yeyote uliyemwona, wanasugua mpaka nyayo, lakini pale hawagusi. Wanaume hata wanawake, nimeambiwa. Kwao mtu mzima aliyenyolewa pale ni kioja. Mtoto mmoja aliniashiria kwa kidole, baba yake akamshusha mkono. Halafu yule mzee wa kufukuza kuku akaja taratibu, akanipigia ishara ya kisu tumboni, uso umejaa huruma. Anauliza kama nimetoka kupasuliwa hospitali."

Mwanasiti alicheka. Alipambana na kicheko kile kwa sekunde mbili tatu, kikamshinda, akaegemea ukuta, machozi yakamtoka. Zaidi naye akacheka, kwa aibu na kwa unafuu.

"Basi nikaacha zikaota," alimalizia. "Wakasahau kunitazama. Nikawa naoga kwa amani."

"Na hiki kimwanamke kilichokaa huku nyuma, ndani ya mlango?" Mwanasiti alikuwa ameishika picha tena, jicho la mkeka halikulala hata kwenye kicheko, na lilikuwa limeona kati ya mapazia mtu ambaye hata Bi Semeni hakumhesabu.

"Bibi kizee wa kiingilio. Amekaa kwenye kiti kirefu katikati ya pande mbili."

"Anaona upande wa wanaume?"

"Anaona pande zote mbili. Lakini anasoma gazeti."

"Anasoma gazeti," Mwanasiti alirudia, akapangusa macho, akaenda kupakua wali.

Alimwamini. Tuseme ukweli, habari ile ilikuwa ya kipumbavu mno kuwa ya kutungwa. Mwanamume mwongo hutunga uongo unaomheshimisha. Alirudi kwa Bi Semeni akamsimulia, na Bi Semeni akaapa kwamba hajapata kusikia nchi ambayo watu wanasugua nyayo na kuacha kinena, na kwamba bibi kizee wa gazeti hamwamini hata kidogo. Siku nne tano Mwanasiti aliishi na moyo mwepesi. Aliutengeneza mkeka wa msuko mgumu ambao alikuwa ameutelekeza tangu picha ionekane.

Mwezi wa mfunguo tatu ukaandama siku ya Jumatano. Ijumaa, Mwanasiti akatandika mkeka chumbani, akaweka maji, sabuni na wembe. Safari hii alikuwa na utani tayari mdomoni, habari ya daktari na mgonjwa wake.

Zaidi alisimama pale pale mlangoni. "Mwezi umeandama," alisema. "Mwaka huu nimenuia kuchinja."

Utani ukamfia Mwanasiti mdomoni, lakini hakukasirika. Kila mtu aliyepita chuo cha Kurani anajua kwamba mwenye nia ya kuchinja Idi ya mfunguo tatu hakati nywele wala kucha tangu mwezi unapoandama mpaka mnyama wake achinjwe. Walikuwa hawajachinja miaka minne. Alifurahi, hata akamwambia mbuzi wa kutafutwa ni wa Chumbi, ndio wenye nyama. Akakunja mkeka, akayamwaga maji kwenye mgomba.

Jumanne iliyofuata, siku nne kabla ya Idi, alikuwa ameketi ukumbini anashona ukili. Zaidi alikuwa uani, kwenye kigoda chake cha kuogea, amempa mgongo. Kulikuwa kimya, ila kijisauti kimoja: tak. Kikanyamaza. Tak. Mwanasiti hakukijali mpaka kilipofika cha tano, halafu cha sita baada ya kituo kirefu kidogo, kama mtu aliyehama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Mikono yake mwenyewe ikasimama juu ya ukindu.

Zaidi alikuwa anakata kucha.

Mwanasiti hakuinuka mara moja. Alilipanga jambo kwanza, mshono kwa mshono. Mtu aliyenuia kuchinja hakati kucha. Aliyekata kucha hakunuia. Kwa hiyo ile nia ya kuchinja ilikuwa ya kukimbia wembe tu, na kucha amezisahau kwa sababu kucha hazikuwa shida yake. Sawa. Kwa nini anakimbia wembe? Kule alikimbia macho ya watu. Lakini hapa Kibiti ni nani anayemtazama? Mtu aliyemaliza safari yake angekimbilia wembe siku ya kwanza, aseme afadhali nimerudi kwetu. Nywele zile zimechukua miezi kuota, na mtu aliyesumbuka kuziotesha hatakubali ziondoke kama anajua atazihitaji tena baada ya wiki chache.

Alitoka uani, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Shamsia. Umenuia kuchinja?"

Zaidi aliinua uso, akatazama kikatio cha kucha kilichokuwa mkononi mwake, akakifumbata. Alikuwa amechelewa. "Nilisahau," alisema.

"Umesahau kucha. Kinena hukusahau." Mwanasiti hakupandisha sauti. "Unaondoka lini?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

Zaidi aliutazama mkono wake uliofumba, na hilo lilikuwa jibu tosha, lakini Mwanasiti alilitaka la mdomo. Alisubiri. Kuku walipita kati yao wakidonoa vipande vya kucha.

"Jumatano ya wiki ijayo, baada ya Idi," alisema Zaidi mwishowe. "Kwenye karakana ya Bwana Morita. Miaka miwili."

"Miwili."

"Jina langu limo kwenye orodha, Mwana. Wanapunguza watu idarani, mwezi wa sita sina kazi. Bwana Morita alisikia, akasema njoo, utafanya kazi na utajifunza. Nilitaka Idi ipite kwa furaha, ndipo nikwambie."

"Alikwambia lini?"

"Kabla sijapanda ndege kurudi."

Kumbe alirudi akiwa mgeni. Wiki zote zile, utani ule, kicheko kile cha kulia machozi, alikuwa anacheka na mtu mwenye tiketi mfukoni. Mwanasiti aliona hasira inampanda, na aliiacha ipande, maana ilikuwa haki yake. Angeweza kuelewa kupunguzwa kazi. Angeweza kuelewa miaka miwili. Wanaume wa delta huenda kukata magogo wakapotea mitano. Asichoelewa ni kwamba mtu huyu alipanga kujistiri mbele ya mzee wa birikani na bibi wa gazeti, na aliyempanga wa kudanganywa ni yeye, ambaye hakuna mahali pa mwili ule asipopajua.

"Ingia ndani," alisema.

"Mwana..."

"Sikuzuii. Watoto wanakula na wanasoma, na mikeka yangu haiwezi nyumba hii peke yake. Utakwenda. Lakini hutatoka hapa ukiwa umeandaliwa kwa macho ya watu wengine. Nilikabidhiwa wewe msafi, nitakupeleka msafi."

"Watanicheka."

"Wakucheke. Mimi nilicheka, na bado uko hai."

Zaidi aliingia. Mwanasiti alichemsha maji mwenyewe, akaleta sabuni, akaleta wembe, akatandika mkeka. Zaidi alisimama kwa muda ameshika fundo la msuli, kisha akalifungua, akalala chali, mkono mmoja juu ya paji la uso. Mwanasiti alipiga sabuni mpaka ikatoa povu jingi. Akaanza upande wa kulia, kama alivyofundwa, akivuta ngozi kwa vidole viwili na kupitisha wembe polepole, maana nywele zilikuwa nyingi na wembe ulikuwa unakwama. Alilazimika kuusuuza kila mara. Maji ya bakuli yakawa meusi.

Hasira ilianza kumpungua mkononi, mkono ukiwa na kazi hasira haikai. Akajikuta anawaza habari ya mbuzi wa Chumbi, kwamba atafutwe tu, kwa kuwa Idi ni Idi.

"Mzee yule ataniuliza tena kama nimepasuliwa," alisema Zaidi kutoka chini ya mkono wake. Alikuwa anajaribu kuleta kicheko cha siku ile.

"Mwambie hukupasuliwa. Mwambie una mke, na mke ndiye anayekunyoa."

"Nitamwambiaje? Neno lenyewe sinalo."

"Neno gani?"

"La mke." Zaidi alizungumza kwa wepesi, kama mtu anayehesabu vifaa vyake. "La maji ninalo. La moto, la baridi, la sabuni, la mpunga, la boliti, la samahani, la kesho. La mke silijui."

Wembe ulisimama. Ulikuwa juu ya ngozi, na Zaidi aliusikia umesimama, akauondoa mkono usoni.

"Umekaa na watu miezi tisa," alisema Mwanasiti. "Hawakukuuliza habari za kwenu?"

"Waliuliza."

"Ukawajibu nini?"

"Habari za mpunga," alisema Zaidi. Alitazama dari, akatazama mlango, na mwisho hakuwa na pa kutazama isipokuwa uso wa mkewe uliokuwa juu yake.

"Usitikisike," alisema Mwanasiti. Akauchovya wembe majini, akahamia upande wa kushoto.